Muvi Ikikaa Kimya Haijaganda, Ni Wewe Umezoea Kelele

Wadau wa muvi, kuna wimbo mmoja umeshachosha masikio. Kila ikitoka filamu ya polepole, ile ambayo kamera inamkalia mtoto usoni na hakuna anayepigwa kibao, hawakosi mastaa wa kuingia laivu kuiponda. Majina yaachwe, wenyewe wanajijua. Maneno ni yale yale: inaboa, haina stori, hiyo ni ya matamasha ya wazungu, mtu wa uswahilini haelewi hizo. Na unakuta anayesema hivyo kaangalia dakika kumi tu, tena kwa kusogeza mbele.

Hilo la uswahilini ndio la kuanza nalo, maana ni tusi.

Mfano upo jirani tu hapo Kenya. Supa Modo, filamu ya mwaka 2018 ya dairekta Likarion Wainaina. Jo ni mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anatolewa hospitali aje amalizie siku zake nyumbani kijijini. Anapenda muvi za Jackie Chan na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake anataka apumzike ndani. Dada yake, Mwix, hawezi kumwona mdogo wake amelala tu akisubiri kufa, kwa hiyo anamfanya aamini kwamba zile nguvu anazo kweli. Kijiji kizima kinaingia kwenye huo mchezo. Na mmoja wa vinara wake ni Mike, jamaa anayewaonesha wanakijiji muvi. Yaani mtu wa kibanda umiza kabisa!

Sasa angalia utani wa hiyo kauli ya mastaa. Ni kweli Supa Modo ilioneshwa kwanza Berlin, Februari 2018, kwenye tamasha la wazungu. Lakini wanaomwelewa yule mtoto ndani ya muvi ni nani? Ni wanakijiji. Ni mtu wa kibanda umiza. Ni watoto wenzake. Watu wale wale ambao staa wa laivu anasema hawana akili ya kuelewa muvi ya polepole ndio wanaoibeba muvi yenyewe mgongoni.

Halafu hii habari ya "ndefu, inachosha". Supa Modo ina dakika 74. Sabini na nne! Bongo muvi ngapi zilishauzwa part 1 na part 2, stori ikiwa ni ya nusu saa, iliyobaki ni watu wanashuka kwenye gari, wanafunga mlango, wanapanda ngazi, wanafungua mlango? Hapo hakuna aliyelalamika kwamba inaenda polepole. Kwa hiyo tatizo la hawa wakubwa halijawahi kuwa mwendo. Tatizo ni ukimya. Wakiona hakuna anayelia kwa sauti wanadhani muvi imeganda.

Hata Bongo yenyewe mfano upo. T-Junction ya Amil Shivji ndiyo iliyofungua tamasha la ZIFF pale Zanzibar mwaka 2017. Fatima kafiwa na baba. Hospitali anakutana na Maria, na urafiki wao unajengwa kwa kukaa na kusimuliana. Hakuna uchawi, hakuna nyumba ya ghorofa ya kuazima, hakuna mke mdogo. Ni wasichana wawili na majonzi yao. Ukiwauliza vijana kumi wa mtaani kama wameshaiona, utashangaa. Lakini wakisikia staa kagombana na staa mwenzake, wote wanajua mpaka rangi ya gauni.

Turudi kwenye msiba, maana hapa ndipo penyewe. Msiba wa Bongo muvi unajulikana: mama anajirusha chini, kinanda kinapigwa kwa nguvu, watu wanaulizana kwa kupiga kelele "amekufa?", halafu maandishi yanakuja, "miaka mitano baadaye". Imeisha hiyo. Mtoto aliyekuwepo pale kwenye miaka mitano hiyo kaenda wapi? Hakuna anayejua, dairekta kamruka.

Na mtaani mtoto anarukwa hivyo hivyo. Rafiki yake akifa anaambiwa kasafiri. Au kalala. Akisogea kwenye mkeka walipokaa wakubwa anaambiwa "nenda kacheze". Acheze na nani sasa, wakati aliyekuwa anacheza naye ndiye huyo anayezikwa? Anarudi shule, dawati lililokuwa la watatu limekuwa la wawili, mwalimu anaita majina, anafika kwenye jina lile, anakaa kimya sekunde mbili, anaendelea na linalofuata. Sekunde mbili zile ndizo Bongo muvi inaogopa kuzipiga picha. Filamu ya polepole inazipiga. Inakaa na yule mtoto mpaka mtazamaji aone kwamba anajua kila kitu, ila hakuna aliyemuuliza.

Kuna wengine wanajitetea kwamba stori hizo zinataka theluji, zinataka nchi za baridi. Hawa hawajawahi kulala Kizota mwezi wa saba. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia, kuanzia Juni mpaka Agosti, kuna usiku nyuzi zinashuka mpaka 13 au 14. Upepo unavuma na vumbi lake, mabati yanagonga usiku kucha. Asubuhi watoto wanaenda shule midomo imepasuka, sweta limevaliwa juu ya sweta, mikono imeingizwa kwenye mikono ya sweta. Nyasi zimekauka, mibuyu imesimama bila jani. Unataka majira ya huzuni zaidi ya hayo uyatoe Ulaya? Na muziki upo hapo hapo, ilimba na zeze za Wagogo, badala ya kile kinanda kimoja ambacho kimelia kwenye misiba yote ya Bongo muvi tangu enzi za kanda.

Na stori zipo, tena nzito. Juni 24, 2002, ndani ya kipupwe hicho hicho, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Waliokuwa watoto mwaka ule sasa ni watu wazima, wengine wana watoto wao. Wangapi waliambiwa rafiki "kasafiri", wakati huu ikiwa kweli alisafiri? Stori ya namna hiyo huwezi kuisimulia kwa kujirusha chini na kinanda. Inataka mtu mwenye subira ya kumpiga picha mtoto mmoja amekaa karibu na reli, anaangalia upande ambao treni hutokea.

Haki isemwe pia. Mtu aliyesimama kiwandani kutwa nzima, akirudi jioni anataka kucheka, na hilo sio kosa. Bando ni ghali, hakuna wa kulazimishwa kuliunguza kwa kitu asichokitaka. Na zipo muvi za polepole ambazo hazina kitu ndani, dairekta kakosa skripti akajificha kwenye kuonesha mawingu. Hizo zipondwe, tena bila huruma. Ila ipondwe kwa sababu ni mbovu. Sio kwa sababu imekaa kimya, na sio kwa kisingizio cha mtu wa uswahilini ambaye hata hajaulizwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa mastaa wa laivu, mna wafuasi kibao na mdomo wenu una nguvu. Mkisema muvi inaboa, dogo wa Kizota mwenye hela ya bando la siku anaiacha. Mwenye hela za kutengeneza muvi naye anasikia, kesho anamwambia dairekta kijana "ongeza vurugu, ongeza mapenzi, hiyo ya watoto haiuzi". Ndivyo stori ya yule mtoto wa dawati la wawili inavyokufa kabla haijapigwa picha hata moja. Kabla ya kuponda, zimeni simu, kaeni dakika 74 mpaka mwisho. Mkimaliza bado mnaona inaboa, njooni mseme, ila semeni kwa majina yenu. Msimsingizie mtu wa uswahilini.