UCHANGANUZI: Shabiki wa Harambee Stars anadai mpango, si miujiza

Kati ya Agosti 3 na Septemba 5, 2025, mashabiki wa soka nchini walionyeshwa Harambee Stars mbili katika uwanja mmoja wa Kasarani. Ya kwanza iliilaza DR Congo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaikung'uta Morocco 1-0 kisha ikafunga hesabu za Kundi A kwa kuichapa Zambia 1-0 katika kipute cha CHAN. Ya pili ilikubali kichapo cha 3-1 mikononi mwa Gambia katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2026.

Kocha alikuwa yule yule, Benni McCarthy. Jezi zilikuwa zile zile. Ndiyo maana mjadala uliozuka baada ya mechi hiyo ya Septemba, kwenye matatu, vinyozini na katika mabanda ya kutazamia mechi za Uingereza, ulikuwa mkali kuliko ule unaofuata kichapo cha kawaida. Kenya imezoea kupoteza. Lakini safari hii shabiki alikuwa na kitu cha kulinganishia, tena kilichotendeka mbele ya macho yake mwezi mmoja tu uliotangulia.

Hoja ya shabiki wa kawaida inaweza kuelezwa kwa ufupi: vijana wa ligi ya nyumbani walicheza kwa moyo na kwa mpangilio, waliporejea wachezaji wanaosakata kabumbu ng'ambo mpangilio ukavurugika, basi waachiwe vijana timu yao. Ni hoja yenye mvuto, na nusu yake ni ya kweli. Nusu ya pili ndiyo inayostahili kuchunguzwa kabla haijageuka kuwa imani.

Tuanze na kilichoonekana Agosti. Katika mechi tano za CHAN, Kenya ilifunga bao moja katika kila mechi, si zaidi, si pungufu. Austin Odhiambo alifunga dhidi ya DR Congo na akapachika penalti dhidi ya Angola, Ryan Ogam akazitungua Morocco na Zambia, naye difenda Alphonce Omija akafunga katika robo-fainali dhidi ya Madagascar. Lango la Stars lilitikiswa mara mbili pekee katika muda wa mchezo. Hiyo ni timu iliyojengwa kuanzia nyuma, na aliyeijenga ni mtu ambaye alipata jina duniani kwa kufunga mabao. McCarthy alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004, ndiye mfungaji bora katika historia ya Bafana Bafana, na alikuwa akiwanoa mafowadi wa Manchester United kabla ya kuja Kenya Machi 2025.

Ukuta huo ulijaribiwa katika mazingira magumu. Marvin Nabwire alionyeshwa kadi nyekundu mapema dhidi ya Angola, na Chris Erambo akaonyeshwa yake kabla tu ya mapumziko dhidi ya Morocco. Kipindi chote cha pili cha mechi hiyo ya Morocco, Kenya ilikuwa na wachezaji kumi. Mbinu ilikuwa wazi hata kwa mtoto aliyeketi begani mwa babake: mistari miwili karibu na kijisanduku, pengo kati yao lisizidi hatua chache, mpira ukipatikana upelekwe mbali. Shabiki yule yule ambaye Jumamosi humlaani mlinzi wa Arsenal kwa kurudisha pasi nyuma sasa aliona mpira uliobutuliwa nje ya uga kuwa ushindi mdogo.

Hapa ndipo wengi wanapomkosea shabiki wa Kenya wanapodai kwamba hajui soka, anataka mabao tu. Agosti ilionyesha vinginevyo. Hakudai pasi ishirini kabla ya bao wala hakuuliza kwa nini timu haimiliki mpira. Alielewa mpango, akaona kila mchezaji akiutii, akaridhika na bao moja. Asichokivumilia ni timu ambayo yeye aliye jukwaani hawezi kusema inajaribu kufanya nini.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na ufa, nao ulionekana kabla ya Gambia kutua Nairobi. Dhidi ya Madagascar mnamo Agosti 22, Kenya haikuwa na udhuru wa kadi nyekundu, na mpinzani hakuwa jabali wa kuogopwa. Omija alitangulia kufunga mapema kipindi cha pili. Timu inayojua kufunga bao moja tu hapo huwa imefika mwisho wa kitabu chake. Madagascar ilisawazisha kwa penalti, muda wa ziada haukuzaa kitu, na mikwaju ya penalti ikawatoa wenyeji 4-3. Inafaa kusema kwamba Madagascar ilifika hadi fainali na kuisumbua Morocco kabla ya kushindwa 3-2, kwa hivyo haikuwa aibu. Lakini uongozi wa bao moja ni kibanda cha makuti: mvua ikiwa ya wastani kinatosha. Katika mashindano yote Kenya haikuwahi kufunga bao la pili, na furaha ya kushinda ilitufanya tusilione hilo.

Sasa tugeukie lawama dhidi ya wachezaji wa ng'ambo. CHAN ni mashindano ya wanaocheza katika ligi za nchi zao pekee. Morocco iliyolazwa Kasarani haikuwa ile ya akina Achraf Hakimi; Gambia iliyokuja Septemba ilikuwa na haki ya kuita kila Mgambia anayecheza popote duniani, nayo iliitumia. Kulinganisha matokeo hayo mawili bila kutaja tofauti hiyo ni kupima unga na maji kwa kibaba kimoja. Isitoshe, Gambia hiyo hiyo ilikuwa imefunga mabao matatu katika sare ya 3-3 jijini Abidjan mnamo Machi 20, 2025, katika mechi ya kwanza ya McCarthy, ambapo Stars ilihitaji bao la dakika za majeruhi kujiokoa. Mechi mbili dhidi ya Gambia, moja kabla ya CHAN na nyingine baada yake, mabao sita langoni. Tatizo lilikuwepo kabla ya yeyote kunyimwa nafasi yake Septemba.

Maelezo yanayofaa zaidi ni muda. Kikosi cha CHAN kilikaa kambini kwa wiki kadhaa. Mlinzi alijua mwenzake atasogea wapi kabla hajasogea. Katika kipindi cha mechi za kimataifa cha FIFA, mchezaji anayetoka Ulaya au Asia hufika siku mbili tatu kabla ya kipenga, akiwa amechoshwa na safari, na kutakiwa kuingia katika ukuta ambao hakuujenga. Ukuta wa namna ile hauhitaji vipaji vikubwa, unahitaji mazoea. Kwa hivyo shabiki anayesema mpangilio ulivurugika ana haki. Anapokosea ni kudhani kwamba dawa ni kuwafungia mlango akina Michael Olunga. Ogam mwenyewe, kipenzi cha Agosti, alihamia Wolfsberger ya Austria baada ya mashindano hayo. Je, naye sasa ahesabiwe miongoni mwa wavurugaji? Ni yeye aliyefunga bao la kufutia machozi dhidi ya Gambia.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu hulisahau. Juni 11, 2024, chini ya Engin Firat, Kenya iliizuia Ivory Coast, iliyokuwa bingwa wa Afrika, kwa sare tasa. Ulikuwa ulinzi wa kiwango cha Agosti, tena dhidi ya kikosi kamili. Mashabiki wa Kenya hawakuuona kwa sababu mechi ilichezwa Lilongwe, Malawi. Nchi haikuwa na uwanja ulioidhinishwa. Firat alijiuzulu Desemba mwaka huo bila ya umati wa nyumbani kumjua vyema, kwa mema wala kwa mabaya. Stars iliporejea Nyayo kuikabili Gabon Machi 23, 2025, ilipoteza 2-1, na Pierre-Emerick Aubameyang akafunga yote mawili. Kwa hivyo Agosti haikuwa tu mashindano. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa shabiki kukutana na timu yake mara tano mfululizo.

Matarajio nayo hayakupandishwa na shabiki peke yake. Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji Sh1 milioni kwa kila ushindi na Sh500,000 kwa sare. Wachezaji wa nchi hii wamedhulumiwa marupurupu kwa miaka mingi, na hakuna wa kuwaonea gere. Ila ushindi unapotangaziwa bei hadharani, mlipa kodi hugeuka mkaguzi wa hesabu, na baada ya hapo hawezi kuambiwa awe na subira kana kwamba yeye ndiye aliyeanza haraka.

Shabiki naye ana deni. Vurugu za watu waliovamia milango bila tiketi ndizo zilizolifanya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, kupunguza idadi ya mashabiki Kasarani hadi 27,000 mashindano yakiwa yamepamba moto. Wenye tiketi halali waliadhibiwa pamoja na wakora. Kisha kuna tabia ya kupigia kelele kocha afutwe baada ya kila kichapo. Juni 27, 2019, Kenya iliichapa Tanzania 3-2 jijini Cairo katika Kombe la Afrika na Sébastien Migné akasifiwa. Mwezi wa Agosti Tanzania hiyo hiyo ikaing'oa Kenya kwa penalti katika mchujo wa CHAN, na Mfaransa huyo akaenda zake. Tangu hapo wamepita Francis Kimanzi, Jacob Mulee na Firat kabla ya McCarthy. Ukuta wa nani ungekomaa katika mzunguko huo?

Miezi iliyofuata kichapo cha Gambia iliongezea mjadala kuni. Stars iliibwaga Ushelisheli 5-0, ikaishinda Burundi 1-0 Oktoba 9, ikalazwa 3-0 na Ivory Coast siku tano baadaye, na kumaliza kampeni ya Kombe la Dunia na alama 12. Kisha ikaja Novemba 18 jijini Antalya, Uturuki: Senegal 8, Kenya 0. Ilikuwa mechi ya kirafiki, na makocha hupenda kusema kwamba za kirafiki ni za kujaribu. Shabiki ana haki ya kuuliza ni nini kilichokuwa kikijaribiwa, kwa sababu bao la tano, la sita na la saba haliwezi kuwa funzo lile lile lililotolewa na la kwanza.

Swali hilo lina uzito kwa kuwa CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Mwenyeji hana kisingizio cha kutofuzu, na wageni watakaotua hawatakuwa vikosi vya ligi za nyumbani. Benchi la kiufundi linahitaji kuamua mapema kama ukuta wa Agosti ndio msingi, kisha liwaite wanaocheza ng'ambo katika kila fursa wafundishwe kuingia ndani yake, Olunga akianza. Baada ya hapo itabaki kazi ambayo CHAN iliiacha wazi: nini cha kufanya timu ikiongoza 1-0 katika dakika ya 50, ikiwa na watu kumi na mmoja, na mpinzani akiwa ameanza kusogea mbele.