Cheni ya Gari la Mjomba



Likizo iliyopita palitokea ubishi nyumbani kwa mjomba wangu, nami nataka wenzangu waujue, maana wengi wetu hujiona mafundi mara tu tukimaliza somo la mashine katika fizikia.

Gari la mjomba lilikuwa likilia kila asubuhi kama kokoto ndani ya debe, kisha baada ya nukta chache likinyamaza. Ilikuwa cheni ya taimingi. Cheni hii huunganisha krenkishafti na kemshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Krenkishafti ikizunguka mara 2, kemshafti huzunguka mara 1. Kikaza cheni husukumwa na nguvu ya oili, na asubuhi oili huwa haijapanda, basi cheni iliyolegea hupiga kelele. (Mjomba alikuwa na desturi ya kuchelewesha kubadili oili, jambo ambalo hakupenda nilitaje.)

Akanunua cheni mpya, akaniambia, "Mjomba, kesho tunafungua wenyewe. Fundi atatula pesa bure."

Watu husema kazi hii ni ngumu. Mimi sikubali. Kung'oa puli, kufungua kifuniko cha mbele na kukwangua gundi ya zamani ni kazi ya uchafu na ya kutwa nzima, lakini si uganga. Hatari imo mahali padogo sana, kwenye alama za magurudumu ya meno. Ukikosea jino moja injini huweza kutetemeka na kukosa nguvu. Ukikosea zaidi, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu zikapinda, na hapo zile pesa za fundi ulizozikimbia utazilipa mara kadhaa.

Mimi nauliza kwanza: gari likilala juma zima limefunguliwa, nani atakosa kula? Gari la mjomba hubeba mboga kwenda sokoni, na ndilo linaloninunulia madaftari. Angekuwa na la pili, ningeshika spana mwenyewe.

Tena, kabla ya kuwasha, injini sharti izungushwe kwa mkono, krenkishafti mara 2 kamili, alama zirudi mahali pake, na ikikwama usilazimishe. Mtu mwenye haraka jua likizama huiacha hatua hiyo. Mjomba, nasema kwa heshima, ni mtu mwenye haraka.

Nilipomweleza hayo alinuna. Mkewe ndiye aliyemaliza maneno, akasema, "Jumatano ni siku ya soko."

Gari likapelekwa kwa fundi. Kabla ya kutoa pesa mjomba alimwuliza, "Utaizungusha kwa mkono mara 2?" Fundi akacheka, akataka kujua nani amemfundisha. Mimi nilikuwa kando, nimeshika tochi, na alama zile niliziona kwa macho yangu.