Maua ya Kioo na Haki ya Kapteni

Wapo askari wanaodhani kwamba chombo cha maua cha kioo ni pambo la sebule za matajiri, lisilomhusu mtu wa bunduki. Sisi hatukubaliani nao, na shahidi wetu ni Émile Gallé, fundi wa kioo wa Nancy, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1846.

Gallé alijifunza elimu ya mimea tangu ujana wake, na okidi alizozitia katika kioo alikuwa amezichunguza zingali hai. Kazi yenyewe yataka nidhamu. Mpulizaji huchota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akakipuliza huku akikizungusha daima, maana akisita kidogo kitalegea upande. Hukivika kioo cha rangi nyingine, na kikisha kupoa polepole, tabaka la juu huliwa kwa asidi au huchongwa kwa gurudumu mpaka ua litokeze.

Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, Gallé alijitolea kuwa askari. Mwaka 1871 Ujerumani ilitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, na Meisenthal, mahali vyombo vyake vilipopulizwa, pakawa ng'ambo ya mpaka mpya. Nani basi angethubutu kumwita adui wa jeshi la nchi yake?

Hata hivyo aliitwa msaliti. Mwaka 1894 mahakama ya kijeshi ilikuwa imemtia hatiani Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, kwa kuwapa Wajerumani siri. Majaji walipewa faili ambalo mtuhumiwa na wakili wake hawakuonyeshwa. Aling'olewa alama za cheo mbele ya gwaride, upanga wake ukavunjwa, akapelekwa Kisiwa cha Shetani. Mwaka 1896 Luteni Kanali Georges Picquart, mkuu wa upelelezi, aligundua kwamba mwandiko uliomfunga Dreyfus ulikuwa wa ofisa mwingine, Esterhazy. Wakubwa wake walimhamisha mbali, na baadaye akatiwa kifungoni.

Gallé alisimama hadharani upande wa Dreyfus, naye akiishi katika mji wa mpakani uliojaa askari na uchungu wa kushindwa. Baadhi ya wateja walimkimbia. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 alileta chombo kiitwacho Les Hommes noirs, chenye maumbo meusi yanayoinuka. Weusi huo, tufahamiane, si wa ngozi. Ni giza la uongo na chuki.

Tunasikia mara nyingi kwamba kuchunguza upya faili lililokwisha kufungwa ni kuliaibisha jeshi. Twauliza: jeshi la Ufaransa liliaibishwa na Picquart aliyesoma mwandiko kwa makini, au na waliomnyamazisha? Tena Esterhazy alikuwa bado amevaa sare.

Mwaka 1906 Dreyfus alitangazwa hana hatia, akarudishwa jeshini na cheo cha meja, na vita vya mwaka 1914 vilipokuja akatumika tena. Gallé hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1904.