Mwanasheria wa Bima Siyo Adui Yako, Adui ni Lile Dili la Fundi

Leo sitaongelea picha za bidhaa wala namna ya kupanga bei. Naongelea gari au pikipiki unayopelekea mizigo ya wateja, na najua wengine mtanuna. Nuneni tu, ila msome mpaka mwisho.

Mi nauza viatu na mikoba mtandaoni, mzigo nachukua Kariakoo. Nilivyopata pata nikanunua IST kwa mkono wa pili, nikaikatia bima kubwa. Siku moja narudi nyuma Mwenge, nikagonga nguzo. Bampa la nyuma likapasuka, taa moja ikaenda, buti likabonyea. Fundi wangu akapiga hesabu: laki nne na ishirini.

Halafu akanivuta pembeni. "Dada, si una bima kubwa? Tuandike milioni moja na laki sita na nusu. Tunaongeza rejeta na taa za mbele, kinachobaki tunagawana." Yaani kila mtu anaondoka na laki sita na kumi na tano. Na mi wakati huo nilikuwa nadaiwa hela ya mzigo. Sitawadanganya, nilisaini.

Baada ya siku chache akaja mkaguzi wa kampuni, akapiga picha, akaondoka kimya. Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini. Nikakuta mwanasheria wa kampuni na faili langu mezani. Hakufoka. Aliuliza tu: ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi? Ndani ya gari kulikuwa na nini? Ukigonga kwa nyuma, rejeta iliyoko mbele inapasukaje?

Jasho likanitoka. Akanieleza kwa utaratibu kwamba kutaka kulipwa kwa maelezo ya uongo siyo ujanja wa mjini. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inaongelea kujipatia mali kwa udanganyifu, na kifungo kinaweza kufika miaka 7. Ile fomu niliyosaini, pale ilikuwa ushahidi wenye jina langu. Jina la fundi halikuwepo popote.

Nikasema ukweli wote. Nikaandika barua ya kufuta madai, gari nikatengeneza kwa hela yangu. Laki nne na ishirini ambayo kumbe ningeweza kudai kihalali, nikaikosa kwa tamaa.

Au ndo nilivyofikiria. Mwanasheria akanionyesha kitu kingine: bima yangu ilikatwa kama gari ya matumizi binafsi, na siku ile nilikuwa na mizigo mitatu ya wateja. Kwenye bima nyingi za binafsi, kubeba bidhaa za biashara kunatosha kukunyima malipo hata kama huna uongo wowote. Aliyenikatia bima hakuwahi kuniuliza nafanya kazi gani, na mi sikusema.

Sasa tuongee ukweli. Wengi tunawaona hawa wanasheria kama watu waliowekwa kutunyima haki. Mi nilibadili mawazo nilipokumbuka biashara yangu mwenyewe. Mteja akiniambia kiatu kimefika kimechanika, si namwambia anitumie picha? Si naangalia ile video niliyorekodi wakati nafunga mzigo? Simchukii mteja. Nalinda duka lisife kwa sababu ya wajanja wawili, maana likifa, na mteja mwaminifu anakosa. Kampuni ya bima nayo ni hivyo hivyo. Hela anayochukua mpigaji inatoka kwenye mfuko tuliochanga wote, na mwaka unaofuata tunaambiwa bei imepanda.

Ila na kampuni nazo nazisema. Barua ya kuniita iliandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, ikabidi nitafute mtu wa kunisomea. Kama mnataka ukweli kutoka kwa muuza viatu, muulizeni kwa Kiswahili. Fomu zenu zieleze wazi tofauti ya matumizi binafsi na biashara siku ya kwanza, siyo siku ya ajali. Na kushuku siyo kuthibitisha. Mtu mwenye nyaraka zake safi asizungushwe miezi kwa sababu tu kuna wengine walidanganya.

Kwa hiyo wenzangu, shikeni haya:

1. Ukikata bima, sema wazi kwamba unabebea mizigo ya wateja. Mi sasa hivi nalipa zaidi kidogo, ila nalala usingizi.

2. Ukishalipa tu, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS uone kama bima yako ipo. Vishoka wa stika feki hawajaisha, na bima ya kulinda watu wengine barabarani ni lazima kisheria.

3. Ukipata ajali, piga picha kabla hujasogeza gari, toa taarifa polisi, na usisaini fomu ambayo fundi amekujazia. Soma kila mstari.

4. Ukiitwa na mwanasheria wa kampuni, usikimbie na usitunge. Beba nyaraka zako, sema kilichotokea, omba nakala ya maelezo yako. Kumbuka yeye anatetea kampuni, kwa hiyo kama jambo ni zito na wewe tafuta wakili wako.

5. Ukiona umedhulumiwa, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Peleka malalamiko yako huko.

Yule fundi bado yupo, na juzi nimesikia kamwambia mwenzetu mmoja maneno yale yale. Ndo maana nimeandika. Je, na wewe ushawahi kuletewa dili kama hili? Ulijibuje? Niandikie hapo chini, tusaidiane.