Sikukuu Zirudi Kwenye Siku Zake

Brussels, Ubelgiji

Kwenu dada na kaka zangu wa Goma, wamama wa soko na wazee wa mitaa, kuanzia Himbi na Katindo hadi Majengo na Ndosho,

Nawaandikia kwa sababu ya mazungumzo yanayoendelea kwenye WhatsApp ya familia yetu, na nadhani yanafanana na ya familia nyingi. Tangu Mjomba aambiwe ana ugonjwa wa sukari, kila mmoja wetu amekuwa daktari. Mmoja amemkataza bugali. Mwingine amemkataza ndizi, na parachichi pia, sijui kwa kosa gani. Wa tatu ametuma video ya bwana mmoja anayeapa kwamba maji ya limau ya asubuhi yanaponya kila kitu. Mjomba aliwaacha waseme, kisha akauliza: "Na siku ya harusi ya binti yangu, nitakaa niwaangalie mnavyokula?" Hakuna aliyemjibu.

Jibu langu ni hili: Mzee wangu, siku hiyo utakula pamoja nasi. Utakula kwa kipimo, baada ya kuongea na daktari wako kuhusu dawa zako, lakini utakula. Harusi haijawahi kumletea mtu sukari. Inayotuletea taabu ni Jumanne, na Jumatano, na siku zote za katikati tulizozigeuza kuwa harusi.

Kabla sijaendelea, niseme naongea na nani. Najua hali ya mji. Najua vita vya Januari 2025 vilivyowaacha watu, benki zilivyofunga milango, na familia ngapi zilitolewa kwenye kambi bila kujua zinakwenda wapi. Mwaka huo huo wataalamu walihesabu Wakongo zaidi ya milioni 25 wasiokuwa na uhakika wa chakula. Kumwambia mtu anayekula mara moja kwa siku apunguze ni kumtukana, na barua hii haimhusu. Inahusu nyumba ambazo simu inalia mwisho wa mwezi na pesa zinaingia kutoka Brussels, Paris, Montréal au Dallas. Inatuhusu pia sisi tunaozituma.

Wenye umri wangu mnakumbuka kalenda ya vitamu ilivyokuwa. Kulikuwa na Noeli na Bonane. Kulikuwa na ubatizo, komunyo ya kwanza, siku ya mahari, siku mtu wa familia aliporudi kutoka safari ndefu. Siku hizo muchele ulipikwa, mbuzi akachinjwa, na sukre ikafunguliwa. Chupa moja iligawiwa watoto wanne, na kila mmoja alichungulia kikombe cha mwenzake kuona kama amezidishiwa. Kesho yake tulirudi kwenye bugali, sombe, maharagi na sambaza, na hakuna aliyeona kwamba anajinyima.

Sitaki kuusifu umaskini. Kipimo kile hatukukichagua: kiliwekwa na mfuko mtupu na duka lililokuwa mbali. Leo duka liko mlangoni na pesa, kwa baadhi yetu, inapita kwenye simu. Aliyekuwa akitupimia ameondoka, na hatujamweka mwingine mahali pake. Kwa maoni yangu hapo ndipo shida ilipo, kuliko kwenye bugali ya Mjomba.

Sisi wa ughaibuni tuna sehemu yetu katika hilo. Mtu anafanya kazi usiku, hajawaona wazazi wake miaka mingi, na upendo wake wote anaupitisha kwenye kitu cha kununua. Anasema: "Mnunulie Mama kreti ya soda, mnunulie watoto biskuti, wasikose kitu." Akija mwenyewe, sanduku limejaa chokoleti na peremende. Tukipiga simu ya video tunataka kuona meza imejaa chupa, ili tuamini kwamba jasho letu limefika. Nanyi kule, mtu akitua Goma amepungua kilo mbili, mnamuuliza kama Ulaya inamtesa. Tumekubaliana pande zote mbili kwamba unene ni habari njema, na mezani hakuna wa kusema imetosha.

Hata hizo chokoleti zina kichekesho chake. Kakao inalimwa kwetu, kule Beni, na nyingi inatoka nje ya nchi ikiwa mbegu kavu tu. Mutwanga, mguuni mwa Ruwenzori, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kiwanda kidogo cha chokoleti kwa ushirikiano na Dominique Persoone, fundi wa chokoleti kutoka Bruges hapa Ubelgiji. Kwa hiyo mtu wa Kivu ya Kaskazini anayetaka kipande cha chokoleti nzuri hana haja ya kusubiri sanduku langu. Na ile nyeusi, yenye kakao nyingi na sukari kidogo, vipande viwili vinatosha kwa sababu ladha yake ni nzito. Ile ya maziwa tunayowaletea inaliwa hadi karatasi ibaki tupu.

Sasa tupige hesabu pamoja, maana watu wengi hawajawahi kuipiga. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda. Kwa mtu mzima wa kawaida isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Kijiko kidogo cha chai kinabeba gramu 4 hivi. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina takriban gramu 35, yaani karibu vijiko tisa. Hakuna kati yenu anayeweza kunywa chai yenye vijiko tisa bila kukunja uso, lakini baridi na gesi vinaficha.

Ongeza chai ya asubuhi na ya jioni, kila kikombe vijiko vitatu: hizo ni gramu 24. Mtu ambaye hajagusa keki wala biskuti, aliyekunywa chai zake mbili na soda moja, tayari amefika karibu 60. Na sukari ya kunywa ni mbaya kuliko ya kutafuna. Haishibishi, inaingia kwenye damu haraka, na kongosho linalazimika kumwaga insulini kwa kishindo. Chungwa zima lina sukari pia, lakini lina nyuzinyuzi zinazoichelewesha, na ni wachache wanaoketi wakamaliza machungwa matano. Yakamue machungwa hayo hayo, yataingia kwenye glasi moja na kwisha kwa dakika moja.

Kwa hiyo, Mjomba, tungelazimika kukata kitu kimoja tu, ningeikata soda ya kila siku na kukuachia bugali yako, kwa donge dogo na mboga nyingi. Soda ni mgeni, na wahenga wametuambia la kufanya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hapa Brussels nafanya kazi kwenye jiko la nyumba ya wazee. Wengi wao wana sukari, wengine wana moyo, wengine presha. Kabla ya kuanza kazi hii nilidhani chakula chao ni mboga za kuchemsha bila chumvi hadi kufa. Sivyo. Ijumaa kuna chipsi, kwa sababu Mbelgiji bila chipsi hajioni mtu. Mzee akitimiza mwaka kuna keki, na mwenye sukari anakatiwa kipande kama wenzake, ila kidogo kuliko chao. Mtaalamu wa lishe ameshakiandika: kwenye mlo ule mkate unapungua, na keki inakuja baada ya chakula, tumboni kukiwa na mboga na nyama, isije peke yake saa kumi. Nilimuuliza kwa nini asiwakataze tu. Akaniambia wakikatazwa wanaficha biskuti chini ya mto, na biskuti ya chini ya mto haihesabiwi na mtu.

Msidhani huku wameishinda sukari. Serikali imetoza kodi vinywaji vya sukari tangu 2016, pakiti nyingi dukani zina herufi za rangi kutoka A ya kijani hadi E nyekundu zinazokuonyesha ubora wa chakula, na bado watu wanapita kwenye E wakiwa wamefumba macho. Wakongo wenzetu wa Matonge ya hapa Brussels ni wale wale: Jumamosi moja ina ubatizo, matanga na siku ya kuzaliwa, na kote kuna makreti. Kodi na herufi vinasaidia, lakini havikai mezani pamoja nawe.

Ninyi mna kitu ambacho mimi nakilipia ghali. Sombe ninayokula hapa imegandishwa, imevuka bahari, na bei yake siwatajii. Kwenu chukudu zinateremka kutoka Kibumba na viazi, kabichi na karoti za udongo wa volkano. Wamama wanauza lengalenga mbichi kabla jua halijawa kali. Maharagi yapo ya kila rangi, na ni chakula cha ajabu: yana protini, yana nyuzinyuzi, yanashibisha muda mrefu na yanaipandisha sukari ya damu polepole. Kuna parachichi, ambalo halina kosa lolote jamani, mwacheni Mjomba ale nusu yake.

Na kuna sambaza. Huyu samaki hakuzaliwa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akatiwa kwenye ziwa letu, akazaana, na leo wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja na kumwinda usiku kwa taa, hata amekuwa yeye mwenyewe alama ya Goma. Analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anatoa kalsiamu pamoja na protini. Tatizo liko kwenye sufuria. Mkimkaanga ndani ya mafuta mengi hadi akauke, mnakula mafuta kwa sura ya samaki, maana kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, hata ya mawese, kina kalori zipatazo 120. Mpikeni mara nyingi na nyanya, vitunguu na pilipili, na yule wa kukaanga awe wa Jumapili.

Nasema awe wa Jumapili, sisemi aachwe. Fromaji ya Masisi iliwe pia. Sijaona Ulaya jibini inayonifurahisha hivyo, lakini ina mafuta na chumvi, kwa hiyo vipande vyembamba kwenye viazi vya kuchemsha, na siyo nusu gurudumu mbele ya televisheni. Brosheti za mbuzi ziliwe, jioni moja ya wiki, na rafiki, pamoja na ndizi ya kuchoma na kachumbari. Mandazi yaliwe, moja na chai isiyo na sukari, badala ya manne na chai ya vijiko vitatu. Ulimi unazoea. Ukipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki chache, chai ya zamani utaiona kama dawa ya kikohozi.

Kanuni yangu mimi ni fupi. Kitamu kiwe na siku yake na kiwe na watu wake. Kikiwa na siku, unakingoja, na kungoja ni nusu ya utamu. Kikiwa na watu, kinagawanywa, na kilichogawanywa hakimzidi mtu. Anayeumia ni yule anayefungua chupa peke yake, siku isiyo na jina, kwa sababu tu ilikuwa kwenye frigo. Ndiyo maana nawaomba soda isikae kwenye frigo kabisa. Siku ikifika, inunuliwe, inywewe, iishe. Frigoni yakae maji yaliyochemshwa, na kwenye meza likae bakuli la marakuja na ndizi, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika bila kuomba.

Na msisahau miguu. Walio na pikipiki wanapanda hata kwa safari ya mtaa mmoja. Angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka katika wiki ndizo Shirika la Afya Duniani linazomwomba mtu mzima. Kutoka Birere kwenda kando ya ziwa na kurudi, mara chache kwa wiki, mmezimaliza, na maongezi mmeyapata.

Upande wetu wa ughaibuni, nawaandikia wenzangu pia: tuache kuuliza meza imejaa chupa ngapi. Tukituma pesa, tuulize kwanza kama Mama amepimwa presha na sukari, maana watu wengi wanagundua ugonjwa pale macho au miguu inapoanza kushindwa, na wembamba nao wanaugua. Tulipie vipimo hivyo kabla ya kreti. Tulipie maharagi ya mwezi mzima, samaki wa wiki, ada ya mtoto. Masanduku yetu tuyapunguzie peremende tuongeze miwani ya kusomea na viatu vizuri vya kutembelea. Na mtu akifika Goma amepungua, mpokeeni kwa furaha, mumwulize habari za kazi na watoto.

Mimi nakuja Noeli, Mungu akipenda na njia zikifunguka. Naomba kreti moja tu, kwa siku moja, na watu wote wa nyumba wakiwepo. Siku nyingine zote nipikieni bugali na sombe, na sambaza wa soko la Kituku, wa nyanya. Kama kuna mtu ana neno la kupinga, alitume kwa sauti, hata likiwa refu. Nitalisikiliza nikiwa nakwenda kazini kwa miguu.

Wenu daima,
Dada yenu wa Brussels