Foleni za Gamescom zinachosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nitoe dukuduku langu kuhusu Gamescom, maonyesho ya michezo ya video yanayofanyika kila Agosti hapa Köln, Ujerumani. Mwaka 2019 yalivuta watu wapatao 373,000, na ukiingia Jumamosi utasadiki: unasukumwa tu, huendi utakako.

Msongamano nauvumilia, penye wengi pana mengi. Kinachonikera ni foleni. Banda moja, jina nalihifadhi, lilitusimamisha saa tatu ili tucheze dakika kumi na tano. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuja na kigoda cha kukunja. Akala mkate, akasinzia, akaamka, tupo palepale. Wafanyabiashara nao wana kumbi zao, wanaongea wamekaa. Na wao wako kazini!

Mchezo wenyewe ulikuwa mtamu, sikatai. Lakini tangu maonyesho mengine ya michezo ya video, E3 ya Los Angeles, yafutwe rasmi Desemba 2023, mashabiki wengi tunategemea Köln. Waandaaji wayalazimishe mabanda yote kutoa namba kwa simu, mtu arudi zamu yake ikifika.

Msomaji wako,
Köln, Ujerumani