Kuku wa Kichina nyumbani: moto ni moto



Tangu mapatano ya mwaka 2008 yaliyozaa kampuni ya Sicomines, Wachina wameongezeka Kolwezi, na chakula chao kimeingia katika maongezi yetu. Wengi wanajaribu kukipika nyumbani. Mimi nasema ni vizuri. Kuku mmoja anatosha watu wengi akikatwa vipande vidogo na kuchanganywa na mboga. Tena kuna kuku wa jimbo la Sichuan anayepikwa kwa karanga na pilipili, vitu ambavyo havikosi sokoni kwetu.

Lakini chakula hiki kinataka moto mkali na mafuta ya moto sana. Hapo ndipo ninaposhangaa. Mtumishi ambaye kazini havui kofia yake hata dakika moja, siku ya Yenga anasimama mbele ya mbabula miguu mitupu, mtoto akicheza karibu naye. Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilitupa katika mafuta kuku wa barafu ambaye hajayeyuka sawasawa. Mafuta yakaruka, mkono ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Mbabula haikukosa, nilikosa mimi.

Basi kuku ayeyuke kabisa, akatwe, apanguswe kwa kitambaa safi mpaka akauke. Wachina wanakata kila kitu kwanza, ndipo wanapika, kwa sababu kazi ikianza hakuna nafasi ya kutafuta kitunguu. Desturi hiyo naipenda kuliko utamu wenyewe! Kata mboga kwanza na kuku mwisho, kisha osha kisu kwa sabuni, maana kuku mbichi ana vijidudu vya kuharisha. Mpakaze unga kidogo wa muhogo na tangawizi. Sufuria nzito ya nyumbani inafaa, mafuta yasiijae. Kaanga mpaka ndani ya nyama pasibaki wekundu, ongeza mboga, karanga zije mwisho.

Mafuta yakishika moto, usitupe maji hata kidogo. Maji yanageuka mvuke mara moja na kurusha mafuta yenye kuwaka pande zote. Funika sufuria kwa kifuniko, wala usiibebe. Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20, halafu mpeleke kwa munganga. Dawa ya meno na mafuta, hapana. Na mbabula ikae nje, hata mvua ikinyesha uichukue chini ya baraza lenye hewa. Hewa ya makala inaua bila kunuka.

Juu ya sosi ya soya: kijiko kimoja cha mezani kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Ulimwenguni linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Wengine wanatia vijiko vinne, kisha wanaongeza Maggi. Halafu wanauliza damu inapanda kwa nini! Vijiko viwili kwa sufuria ya watu sita vinatosha, chumvi nyingine usitie.

Wali uliolala katika sufuria usiukaange kesho yake. Kuna kijidudu kinachoacha sumu ndani yake, na moto hauiondoi. Kwangu kuku huyu tunamla na bukari, na hakuna aliyewahi kuuliza wali uko wapi.